Saa ya Baba Iliyonuka Moshi

Siku nilipokabidhiwa saa ya baba tulikuwepo mimi Qabale, mdogo wangu Jarso, kitinda mimba wetu Talaso, jirani yetu Mama Ekai, na Baba Mkubwa Wario, kaka yake baba, aliyekuja kwa lori kutoka Merti. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mama tulikuwa tumemzika wiki hiyo hiyo.

Enzi zetu, nyinyi mliokulia Isiolo kaunti ilipoanza kutuwekea taa za barabarani, mnakumbuka bano, zile gololi zetu, kwenye vumbi la mtaa wa Bulapesa, na nyirinyiri, vipande vya nyama iliyokaushwa, iliyofichwa ndani ya samli tusiifikie. Mnakumbuka chai yenye ladha ya moshi. Mama alitia vijinga vya moto ndani ya kibuyu, akafunga kifuniko, akatikisa, ili maziwa yakae bila kuharibika. Nyumbani kwetu, kitu ulichokipenda ulikifukiza.

Baba Mkubwa alikuwa ameshapanga mambo. Jarso angeenda Merti kuchunga, Talaso angekaa kwa shangazi kule Gotu, na mimi, niliyeacha shule darasa la saba ili kumuuguza mama, ningetafutiwa kazi ya nyumba mjini. Nilimwambia, "Baba Mkubwa, tuache pamoja. Nitawalea." Mama Ekai aliniunga mkono. Mzee akatoa mfukoni saa ya mkono ya baba.

"Hii inataka ufunguo kila asubuhi," alisema. "Usisahau, usizidishe, na isiguse maji. Nitarudi mvua ikianza. Nikiikuta imesimama, nitajua hata hawa watoto watakushinda."

Tangu siku hiyo sikuwa mtoto tena. Wenzangu waliogopa kiboko cha mwalimu. Mimi niliogopa kimya cha kitu kidogo kuliko kifuniko cha chupa. Kila asubuhi kabla ya chai niliipangusa kwa ncha ya leso, nikazungusha ufunguo mpaka uanze kukaza, nikaacha hapo hapo, nikaiweka sikioni. Jarso alikuwa akiuliza kutoka kitandani, "Imeamka?" Nikisema imeamka, ndipo alipotoa miguu nje ya blanketi.

Halafu Talaso akaivaa kwenda kuringia wenzake kwenye kioski cha maji, na mkono wake ukazama kwenye mtungi. Alirudi akiwa ameuficha mgongoni. Ndani ya kioo kulikuwa na ukungu, na kabla ya chai ya jioni mishale ilikuwa imesimama. Hakuna aliyelia. Talaso alichukua gauni lake moja, akalikunja, akalitia kwenye mfuko wa karatasi, akaketi mlangoni.

"Rudisha hilo gauni," nikamwambia. "Hakuna anayeenda."

Nilijua njia moja tu ya kukinga kitu kisioze. Nilichukua kibuyu cha mama, nikatia vijinga, nikavitoa, nikaining'iniza saa ndani kwa uzi na kufunga kifuniko. Jarso alitikisa polepole. Ukungu uliondoka kweli, tukashangilia. Lakini nilipozungusha ufunguo ulikuwa mgumu, na kwa woga nikalazimisha. Kitu kikalia tap! Baada ya hapo ufunguo ulizunguka bure kama kichwa cha mwanasesere.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima vya Nyambene. Kila lori lilipopiga honi barabarani, nilikimbilia mlangoni kuchungulia.

Mama Ekai ndiye aliyenishika mkono mpaka kwa fundi Kinoti, mzee aliyetengeneza saa karibu na soko. Alifungua mfuniko, akanusa.

"Haki, nani amechoma nyama humu ndani?"

"Tuliifukiza, mzee. Kama kibuyu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniona uso, akaacha. Mama Ekai akamweleza habari ya Baba Mkubwa na mvua.

"Moshi nitauosha na petroli," alisema fundi. "Lakini springi imekatika, na saa za aina hii haziji tena." Aliutazama mkono wake mwenyewe. Saa aliyovaa ilikuwa dada ya ile yetu. Aliivua, akaifungua, akatoa springi yake. "Si zawadi hii, msichana. Ukipata nyingine, uniletee."

Baba Mkubwa aliingia na mvua. "Salaam aleikum," alisema, na kabla ya kuketi akanyoosha mkono. Aliiweka saa sikioni. Nilisikia inavyotembea hata kule nilikosimama. Kisha akaishusha, akaileta puani.

"Qabale, mbona inanuka kibuyu?"

Kabla sijafungua mdomo, Talaso alikuwa mbele yake na ule mfuko wa karatasi. "Mimi ndiye niliyeitia maji. Nipeleke mimi peke yangu. Hawa waache."

Nilimweleza yote. Mzee aliinamisha kichwa, nikaona mabega yanacheza. Sikujua analia au anacheka. "Mmeifukiza," alisema. "Kama mama yenu na vibuyu vyake." Akamrudishia Talaso mfuko wake. "Weka nguo zako mahali pake." Alikunywa chai, akapanda lori la Merti peke yake.

Leo Jarso ni dereva, Talaso yuko chuo. Watoto wa siku hizi ukiwauliza saa wanatoa simu, na chaji ikiisha hawajui kama ni asubuhi au adhuhuri. Hawana kitu kinachowangoja wakiamshe. Nawacheka, nawaonea wivu pia, kwa sababu mpaka sasa, kabla sijaisikia saa ile asubuhi, moyo wangu husimama kidogo.

Fundi Kinoti bado yuko karibu na soko, na saa iliyokufa mkononi. Wateja humtania: "Fundi gani huyu, saa yake mwenyewe haitembei?" Naye hujibu, "Inangoja springi. Iko na msichana mmoja."

Kila soko ninalofika, napekua saa kuukuu za watu. Bado sijaipata.