Siku Mjukuu Wangu Alipolala Kwenye Jeneza la Halloween

Koti alilovaa shetani siku ya kumchukua mwanangu nililishona mimi. Kwa cherehani yangu, juu ya meza yangu, nikiwa na akili zangu timamu.

Msishtuke. Nitaeleza taratibu.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, na shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo palipopinda mtanisamehe.

Naitwa Orlene. Ninaishi milimani, Kentucky, mji ambao ukipiga chafya upande huu, upande ule wanakuombea. Mume wangu Burl alichimba makaa ya mawe miaka ishirini na minane mpaka vumbi likamla mapafu. Mungu alimpumzisha. Mwanangu wa pekee, Lyle, alikuwa ametangulia kabla yake.

Nimebaki na mjukuu mmoja tu. Raelynn, binti wa Lyle, miaka kumi na mitano. Mama yake aliolewa tena huko Ohio.

Sasa, mwezi wa tisa tulikaa kikao cha kupanga Halloween kanisani, ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba ya mavazi ya kutisha.

Wazee wetu hilo jina hawataki kulisikia, wanasema ni mambo ya giza. Watoto nao wanataka mavazi na pipi. Kwa hiyo tunakata katikati. Tunaiita Sikukuu ya Mavuno, magari yanapangwa uwanjani, kila mtu anafungua buti lake, analipamba kwa maboga, na watoto wanapita buti hadi buti na vikapu vyao. Shetani hapati kitu, na watoto hawalii.

"Wadogo tumewamaliza," alisema Colby. Huyu ni kiongozi wetu wa vijana, kijana wa miaka ishirini na minne, alihamia kutoka Tennessee masika iliyopita. "Shida ni hawa wakubwa. Pipi kwao ni utoto. Tusipowapa kitu cha kuwatetemesha, watakwenda kulewa kule mtoni."

"Wape maharage yangu ya pilipili," alisema rafiki yangu Wilma. "Watatetemeka mpaka Krismasi."

Watu wakacheka. Colby akatoa karatasi.

Alitaka Nyumba ya Hukumu. Makanisa mengi ya huku hufanya, ni igizo la kuwatisha watu watubu. Vyumba vya chini ya kanisa vinazibwa kwa plastiki nyeusi, watu wanaingia kwa makundi. Chumba cha kwanza kuna ajali. Cha pili, msiba. Cha tatu, motoni. Cha mwisho, mbinguni, kuna keki.

"Hadithi yenyewe ni hii," akasema, akaanza kusoma. "Kijana mmoja, baba wa mtoto mdogo. Jumamosi jioni anakunywa kwenye gereji ya rafiki yake. Bia zinaisha. Wenzake wanamwambia usiendeshe, anacheka. Anaondoka kufuata nyingine. Kwenye kona ya daraja gari linamshinda."



Tulikuwa watu saba mezani. Sita waliinamisha vichwa, wakawa wanaisoma meza kama gazeti.

Maana huyo alikuwa Lyle. Jumamosi, miaka tisa nyuma. Gereji ile ile. Daraja lile lile. Na mji mzima ulishakubaliana kwamba alikuwa anafuata bia.

Wilma akanikanyaga mguu. "Orlene, sema."

"Niseme nini."

"Basi nasema mimi."

"Wilma, nyamaza."

Mtaniuliza kwa nini. Ningefungua mdomo, ningeulizwa. Na kulikuwa na jibu moja ambalo miaka tisa nilikuwa nimelikalia.

Colby wa watu, hajui hili wala lile, akanigeukia na tabasamu. "Mama Orlene, wewe ndiye fundi wetu. Tunaomba makoti mawili ya mashetani, mekundu. Halafu, kama hutojali, ukae chumba cha msiba. Uwe mama wa marehemu. Huna maneno ya kusema, ni kukaa na kulia."

Nikaitikia kwa kichwa. Mpaka leo sijui kichwa kile kiliendeshwa na nani.

Jioni moja wiki iliyofuata Raelynn akarudi kutoka mazoezi ya igizo amechangamka.

"Bibi, nimepata nafasi. Mimi ndiye maiti."

Nikaweka kijiko chini.

"Cheza malaika. Nitakushonea mabawa."

"Malaika wamejaa."

"Basi kaa kwenye buti letu ugawe pipi."

"Bibi, pipi? Unataka wanicheke mpaka nihame shule?"

Nikakaa mbele yake. Nikajikaza. "Raelynn, hiyo hadithi unajua ni ya nani?"

Aliinua uso kutoka kwenye sahani. Akanitazama moja kwa moja, macho ya baba yake yale yale.

"Ya nani, Bibi?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nami nikaupita kama sikuuona.

"Ya mtu yeyote," nikasema.

"Basi hakuna shida." Akarudi kwenye chakula chake.

Makoti nikayashona. Nilimwomba Mungu cherehani iharibike. Haikuharibika.

Siku ikafika. Uwanjani watoto wamevaa nyuki, wazima moto, mmoja amevaa mashine ya kufulia. Mwaka jana tulipiga marufuku mavazi ya kutisha, mtoto mmoja akaja amevaa kama mchungaji wetu, akawatisha zaidi. Vicheko vilikuwa vinashuka mpaka kule chini nilikokuwa nimekaa.

Gauni jeusi sikuhitaji kuazima.

Jeneza lilikuwa juu ya kitoroli cha magurudumu. Raelynn ndani, suruali ya mwanamume, nywele kaficha kwenye kofia, uso umepakwa unga. Watu kumi na wanane wanaingia. Kijana mmoja anasoma maneno ya msiba, anafika pale, "alikuwa akienda kuongeza pombe." Kisha pazia linafunguka, mashetani wawili wanaingia na makoti yangu. Mmoja alikuwa na ndala za bluu. Wanalisukuma jeneza kuelekea chumba cha moto, huko makelele, na watu wanafuata. Kijana msomaji anatoka nao.

Halafu mashetani wanalizungusha jeneza kwa ukumbi wa nyuma, wananirudishia, wanakimbia kunywa maji. Tunabaki wawili kwa dakika nne mpaka kundi lingine lifike.

Nilipangiwa makundi kumi na moja.

Baada ya la tatu, sauti ikatoka ndani ya jeneza.

"Bibi, hulii."

"Nimekaa. Kukaa kunatosha."

"Colby alisema mama wa marehemu analia."

"Mwambie Colby aje alie mwenyewe."

Baada ya la sita.

"Wilma aliniambia hata siku yenyewe hukulia."

Nikageuka. "Siku gani?"

"Siku ya baba."

"Lala. Wanakuja."

Hawakuwa wanakuja. Zilikuwa zimebaki dakika tatu nzima, za mimi na maiti wangu.

Baada ya la nane akajiinua kwa kiwiko. Unga ulikuwa umemwagika mabegani.

"Bibi, unadhani hii hadithi aliiandika Colby?"

Nikamkung'uta unga begani.

"Niliiandika mimi. Nikamwambia nimeiokota mtandaoni. Na wewe kukaa hapo nilimwambia mimi. Nilisema una uso wa msiba."

Miezi miwili nilikuwa namchukia yule kijana wa Tennessee kimoyomoyo, huku napiga magoti kila jioni.

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Siku ya mazishi mlinipeleka kwa jirani nikapake rangi kitabu cha wanyama. Nilimpaka tembo kijani. Niliporudi, baba alikuwa hayupo na nyumba inanuka maua. Tangu hapo kila nikikuuliza kitu unasema tusali."

"Ungeniuliza ukishakua."

"Nilikuuliza mezani, siku ile. Ukasema ya mtu yeyote."

Kama angenipiga kofi lisingeuma hivyo.

Akashusha sauti. "Shuleni wananiambia baba yangu alikufa kwa kufuata bia. Nimeandika hivyo kwa sababu sina kingine cha kuandika. Ni kweli, Bibi? Alikuwa anakwenda wapi?"

Mlango ukagongwa. Akajilaza, akafumba macho, akafa.

Kundi la tisa likaingia. Mimi nikalishukuru lile kundi, Mungu anisamehe. Lilipotoka nikatamani lirudi.

"Bibi, mimi sitoki humu mpaka unijibu."

"Chumba cha mwisho kuna keki, utaikosa."

"Bibi."

Kundi la kumi likaingia, likatoka. Wakamrudisha. Shetani wa ndala akasema, "Bado moja tu, Mama Orlene, halafu maharage." Akaenda zake.

Nilijaribu kuomba. Hata sala ya Bwana, niliyoijua kabla ya kujua kufunga viatu, haikuja.

"Alikuwa anakuja nyumbani," nikasema.



"Babu yako alianguka chini kutoka kitandani. Alikuwa mzito na pumzi hana. Sikuweza kumwinua. Kikosi cha uokoaji, kina Wilma na mumewe, wale wanaojitolea, nilishawaita mara mbili wiki ile ile. Wameacha chakula chao, wameacha usingizi wao. Nikaona haya kuwaita mara ya tatu. Nikampigia baba yako."

Nilimsikia anapumua.

"Alipopokea tu nilijua. Ulimi ulikuwa mzito. Mimi ni mama yake, nilijua kabla hajamaliza neno la kwanza. Nikamwambia njoo upesi."

Mlango ukafunguliwa.

Kundi la kumi na moja. Watu kumi na wanane wakajipanga ukutani, wengine bado wanatafuna pipi.

Raelynn alikuwa amefumba macho. Kwa dakika tatu zile mtoto wangu alilazimika kuwa maiti, na mimi nililazimika kukaa pale bila kujua amenisikia vipi. Sikuweza kumgusa. Sikuweza kumwambia neno zaidi. Nilikitazama kifua chake tu, kinapanda, kinashuka.

Msomaji akafika pale pake. "Alikuwa akienda kuongeza pombe."

Vidole vya Raelynn vikakamata kitambaa cha jeneza. Chozi likatoka kwenye kona ya jicho lililofungwa, likachora mstari kwenye unga mpaka sikioni.

Hapo ndipo nililia. Miaka tisa ilitoka kwa mara moja, na sauti mbaya.

Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyu mama anajua kuigiza."

Mashetani wakaingia. Mimi nilikuwa nimeinuka, nimeshika ukingo wa jeneza kwa mikono miwili. Wakasukuma, halikwenda. Wakasukuma tena. Yule wa ndala akaniinamia, kimya kimya, kwa adabu kabisa.

"Mama Orlene, achia kidogo."

Nikaachia.

Jeneza liliporudi lilikuwa tupu.

Nilimkuta kwenye gari, kiti cha mbele, unga bado usoni. Buti letu lilikuwa wazi na watoto wanachovya mikono kwenye pipi bila msimamizi.

"Ulijua amelewa," akasema.

"Nilijua."

"Na ulimwambia aje upesi."

"Ndiyo."

Akafunga mkanda wa kiti. Nikafunga buti, nikawasha gari.

Siku kumi na tisa alinijibu ndiyo Bibi, hapana Bibi. Anakula, anaosha sahani yake, anaingia chumbani. Nilimwekea chakula, nikamfulia, nikakaa sebuleni na Biblia imefunguka ukurasa uleule. Mtu aliyenyamaza nyumbani kwako huwezi kumfungua kwa nguvu. Mimi mwenyewe nilimfundisha kunyamaza.

Katika siku hizo nilikwenda kwa Wilma, nikamweleza yote. Aliweka kikombe chini.

"Tungekuja, Orlene," akasema. "Hata mara ya kumi."

Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Siku ya ishirini, asubuhi, Raelynn alikuwa anasuuza sahani, amenipa mgongo.

"Alisema nini kwenye simu?"

"Nani?"

"Baba. Ulipomwita. Alisema nini?"

Nilikuwa sijayatamka maneno yale kwa mtu yeyote, hata kwa Burl.

"Alisema, 'Usimwinue peke yako, Mama, utaumia mgongo. Nisubirini, nakuja.'"

Maji yalikuwa yanamwagika. Hakuyafunga.

"Rudia."

Nikarudia.

"Alisema *nisubirini*?"

"Ndiyo."

Akafunga bomba. Akachukua begi lake. Mlangoni akasimama, bila kugeuka. "Kwa hiyo alikuwa anakuja kumwinua babu."

Akaenda shule.

Sijui kama amenisamehe. Sijamuuliza. Na Lyle yuko wapi sasa, hilo nimemwachia aliyemuumba. Nilichojua nimeshakisema, na nilichelewa miaka tisa.

Wewe unayesoma, kama kuna mtoto nyumbani kwako anazunguka swali na wewe jibu unalo, mpe mezani, chakula kikiwa bado cha moto. Atalitafuta tu, na mahali atakapokwenda kulitafuta huenda usipapende.

Na wewe unayeona haya kuwaita watu mara ya tatu, waite.