Rasta yangu kwenye karoti za mama

Sijawahi kumwambia mtu: nikiwa peke yangu hujifunga kanga kichwani na kujifanya ni nywele ndefu.

Shuleni tunanyoa. Likizo hii nikasuka rasta, zile nywele za bandia, ingawa nywele zangu ni fupi mno.

Leo nilikuwa nauza karoti za mama sokoni Soni. Mteja mmoja, mama mtu mzima, akaja. Nikainama kumwamkia.

"Shikamoo."

Rasta moja ikachomoka, ikaangukia kwenye karoti!

Akaiokota. "Marahaba, binti. Na hii mnauzaje fungu?"

Watu wakaangua kicheko. Machozi yakanilenga. (Mnanijua, machozi yangu yako karibu.)

Yule mteja akaona. "Pole, mwanangu. Yangu ilichomoka siku ya harusi, mbele ya mama mkwe."

Nani mwingine kati yenu mnaosoma yamemkuta haya?

Nilimfungia karoti zake, nikatia rasta mfukoni, nikaendelea kuuza, kichwa kikiwa wazi bila kanga.