Rumba ya Wimbo wa Saba

Santuri ile niliachiwa na mhandisi mgeni alipohama nyumba za kampuni, hapa Shituru. Ni ya bendi ya rock ya zamani, Wazungu wanne. Mwanzoni nilidhani ni bendi kadhaa zilizowekwa pamoja: wimbo wa kwanza magitaa ya kelele, wa pili kinanda kama cha kanisani, wa nne matarumbeta. Mimi ni fundi umeme; nisichokielewa nakiandika. Nilijaza kurasa mbili: namba ya wimbo, vyombo, aina ya muziki. Wimbo wa saba niliandika: rumba.

Aliyenihakikishia ni kaka yangu mkubwa. Alikuwa akipita kwangu jioni akitoka kazini, na gitaa la wimbo huo alilishika lote kwa sikio. Alipostaafu aliifundisha kwaya ya parokia wimbo huo, na hadi leo watu wanapeleka matoleo altareni wakiucheza.

"Bazungu banatuibia," alikuwa akisema. "Iyi njo yetu."

Mwaka huu, Jumamosi moja saa sita mchana, niliuweka wimbo wa saba nikiwa peke yangu. Ulikimbia kuliko nilivyouzoea. Nikabandika kipande cha karatasi nyeupe pembeni mwa santuri, nikashika saa, nikahesabu mizunguko ya dakika tatu: mia moja, kama inavyotakiwa. Saa kumi na moja jioni, mtaa mzima umewasha majiko ya umeme, nikahesabu tena: themanini na minne. Miaka yote tulikuwa tumeusikiliza jioni, santuri ikizunguka polepole.

Nilikaa wiki mbili bila kumwambia kaka. Tangu astaafu, heshima yake parokiani ni gitaa hilo. Niliogopa ataliweka chini. Lakini kumficha kulinishinda. Nilimwita Jumapili, mara tu baada ya misa, kabla majiko hayajawashwa, nikauweka wimbo wa saba.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Iyi haiko rumba."

"Hapana, yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa huku kwetu.

"Na ile tunachezaka ku misa, njo nani alitunga?"

"Umeme, yaya. Ulikuwa unashuka."

"Umeme haijuaka kupiga gitare, we mutoto."

Akachukua gitaa lake, akaniambia nirudishe sindano mwanzo. Alitaka kujua noti zipi zimo kwenye santuri na zipi alizitia yeye bila kujua. Mpaka mtaa ulipoanza kupika, tulikuwa tumepata noti nne ambazo hazimo kabisa kwenye santuri.