Matuta Yaliyonikimbiza

Miaka ile ya hamsini nilirudi nyumbani, upande wa Kolandoto, nikitokea chuo cha kilimo na ubao wenye chupa ya maji iliyofungwa juu yake. Ndani ya chupa niliacha povu moja la hewa. Povu likitulia katikati, ubao umelala sawa, na hapo ndipo tuta linapopita.

Shamba la mama lilikuwa la mchanga, tena la mteremko. Mwaka uliotangulia mvua ya kwanza iliubeba mtama wote ukiwa umechipua tu. Safari hii alikubali tukinge maji kwa matuta. Lakini tuta likiinama kidogo, maji hukimbilia upande mmoja, hulipasua, huondoka na shamba. Niliwaza hilo mpaka uji ukanishinda.

Mama alikwisha kuwachinjia mbuzi wacheza majembe, kundi linalolima kwa ngoma na nyimbo, na mawingu yalikuwa yamejaa. Ngoma ikalia. Walilima kwa mstari mmoja, wakirusha majembe juu na kuyadaka, huku mimi nikitangulia kuchomeka mambo, vile vijiti vya kuwaonyesha tuta lipite wapi. Kila mambo niliipima, nikaipima tena, kisha nikashuku chupa. Wakanifikia visiginoni. Manju, yule kiongozi wa nyimbo, akaimba kwamba Bwana Shamba anabembeleza chupa kama kichanga. Nilimsihi mpiga ngoma apunguze kidogo.

“Nikipunguza, majembe yatalala,” akasema. “Ongeza miguu, mjomba.”

Mama akajifunga kanga, akaninyang'anya mambo zote. “Wewe tazama povu tu. Useme, mimi nichomeke.”

Basi nikawa napiga kelele: panda, shuka, hapohapo! Manju akayadaka maneno hayo, akayatia sauti, na kundi zima likaitikia: panda, shuka, hapohapo! Tukaenda hivyo, mama mbele, mimi nikikimbia na ubao, majembe yakimetameta nyuma yetu, mpaka chini kwenye mipera.

Mvua ikatukuta tukila nyama. Niliacha pande langu, nikakimbilia shambani. Maji yalikuwa yamekaa kati ya matuta, yametulia kama ya mtungini. Nikakagua tuta baada ya tuta, nikilowa, nikimuuliza mama aliyenifuata: je, kesho ikinyesha kubwa zaidi?

“Ya kesho utayaogopa kesho,” akasema, akanishika mkono.

Tukacheza matopeni, vibaya sana, bila mdundo, maana ngoma ilikuwa imeshaanikwa jikoni.