Maji ya Zamu ya Rahim

Bi Sikudhani alilima mpunga Mabogini, chini ya mji wa Moshi, tangu alipoolewa, na hakuwahi kuona mtu akikausha jaruba kwa makusudi. Kwa hiyo Rahim, kitinda mimba wake, alipofunga maji na kuuacha udongo uanze kupasuka, mama hakutulia.

Mashaka yalianza siku ya kupandikiza. Rahim na vijana wenzake walikuwa wamefundishwa kilimo shadidi, kile cha mpunga wa maji machache. Wakapanda miche michanga, mmoja mmoja, imeachana kama watu waliogombana.

"Huu mpunga au mapambo?" mama aliuliza.

Rahim akacheka tu. Hata kicheko chenyewe mama hakukipenda.

Sasa jaruba lao lilikuwa kavu, na la jirani yao Basili, mzee aliyeshuka kutoka Kibosho, limejaa maji pomoni. Sikudhani akaunganisha mambo: mtoto anamwachia Basili zamu yao ya maji. Mpunga ukifa, ataambiwa shamba limechoka, auziwe Basili.

"Rahim, maji yetu yanakwenda wapi?"

"Yapo mferejini, mama. Mizizi inataka hewa kwanza. Nitayarudisha."

"Siku hizi mpunga unavuta pumzi?"

"Unavuta, mama."

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, Sikudhani alichukua jembe, akabomoa tuta la mfereji, akarudi kupika chai, roho kwatu. Jua lilipopanda, jaruba lilikuwa bwawa. Miche ambayo haijashika vizuri ilikuwa imeng'oka, inaelea pembeni.

Rahim hakumuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Basili, na wenzake nyuma yake. Sikudhani alipofika, tayari walikuwa wanataka kumpeleka mzee kwa kamati ya maji.

"Shikamoo nimekupa, mzee, ila kwa kulifurisha jaruba letu umenionea," Rahim alikuwa akisema.

"Sijagusa maji yenu," Basili alijibu.

Sikudhani angeweza kunyamaza. Akatazama mikono ya mzee, jinsi ilivyokosa pa kukaa.

"Mwacheni. Nimeyafungulia mimi."

Rahim aligeuka taratibu. "Wewe, mama? Kwa nini?"

"Nilidhani unataka kuliuza shamba langu."

Basili akaguna.

"Na mimi nilidhani mnanitega. Maji yote hayo mnaniachia, nikawa nangoja tu siku ya kushtakiwa."

Rahim alirudishia miche iliyopotea hadi jioni. Iliyonusurika ilichipua, mche mmoja ukawa kichaka kinene hata Sikudhani hakuweza kukizungushia viganja viwili. Alijaribu akiwa peke yake, asionekane. Wakati wa kuvuna masuke yaliinama kwa uzito, hata Basili akaja kuuliza walivyofanya.

"Msimu ujao tujaribu mbegu mpya, mama," Rahim alisema.

Sikudhani alikung'uta makapi kwenye kanga yake.

"Mbegu ya nani?"