Pasi ya Kocha

Juzi, katika duka la dawa pale Rohero, muuzaji alifungua kopo la dawa ya kuchua yenye kafuri, na mimi, mtu mzima, nikasahau kilichonipeleka. Ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu Buyenzi. Kila baada ya swala ya alasiri mama alimchua baba goti la kulia, naye baba alilalamika kuliko mtoto anayenyolewa.

Baba alikuwa kiungo. Misimu kumi na moja alicheza katikati, akigawa mipira kama mpishi anayepakua pilau ya harusi: kila mtu apate, na yeye asionekane kuhangaika. Goti lilipokataa, timu yake ikampa ukocha. Msimu wa kwanza ulienda vibaya. Kabla ya mechi ya mwisho viongozi walimwambia wazi kwamba timu ikishuka daraja, yeye arudi kwenye kazi yake ya ufundi gereji. Sare tu ingemtosha. Nilikuwa na miaka kumi, na niliiomba ile sare katika kila sijida.

Zikabaki dakika chache, tukiwa sare ya bao moja kwa moja. Baba alisimama kwenye mstari, mikono nyuma, koti la kuazima likimbana mabega. Beki wetu akabutua mpira ovyo, ukaja ukibingirika kuelekea kwake, haujatoka bado. Kocha mwingine angerudi nyuma. Baba aliinua kichwa, akatazama, akaupokea kwa mguu wa kushoto na kuupiga.

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Muzee, vaa basi jezi!" mtu akapiga kelele nyuma yangu. "Mbona muko kumi na mbili?"

Hata refa alitabasamu kabla ya kupuliza filimbi. Wapinzani wakapewa mpira wa adhabu palepale, wakafunga. Tukashuka daraja. Msichana mmoja wa mtaa wa Musaga aliyekaa kando yangu aliniuliza kama namjua yule kocha. Nikasema simjui, na mpaka leo naona haya kuliandika jibu hilo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, baba akichechemea, mimi nikijitenga nyuma. Nilimkasirikia sana. Mlangoni alisimama kuningoja.

"We mama," akaniambia, kama alivyozoea kuniita mimi bintiye, "uliona ile pasi?"

"Apana, baba. Sikuone."

"Haina neno," akasema, akaingia ndani.

Jumatatu akavaa ovaroli. Baadaye timu moja ya Gihosha ilimwita, akafundisha miaka mingi, na siku zote alisimama mbali na mstari.

Pale mlangoni nilidhani alitaka nimtetee. Nilichelewa kuelewa kwamba ile ndiyo ilikuwa pasi yake ya mwisho, na kwamba watu wote wale waliona kosa tu. Alitafuta mtu mmoja aliyeuona mpira. Na mimi niliuona, ukipita katikati ya wapinzani wawili mpaka mguuni kwa winga wetu, bila winga kusogea hata hatua.

Mwaka jana, tukinywa chai, nilimwambia baba kwamba siku ile nilidanganya, kwamba pasi niliiona. Akaweka kikombe chini, akasogeza kiti.

"Basi niambie," akasema, "ilipita wapi?"