Ukuta Haudanganywi

Wendell Prentiss alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kwa shingo upande. Kila majira ya theluji kuyeyuka alikusanya maji matamu yanayotona kutoka kwenye miti ya mepo, akayachemsha hadi yawe shira, katika kibanda alichoachiwa na baba yake huko milimani Vermont. Mtu akimuuliza shira ya mwaka huu ikoje, alijibu, "Tamu." Basi.

Februari ile alitimiza miaka hamsini na minne. Katika umri huo baba yake alianguka mbele ya jiko la kibanda, kuni mkononi, asiinuke tena. Binti yake Corinne hakuisahau hesabu hiyo.

"Baba, unakwenda kupigwa picha ya moyo. Nimeshakuwekea nafasi."

"Moyo wangu haunisumbui."

"Wa babu nao haukumsumbua, mpaka saa kumi jioni, siku ile alipoanguka."

Wendell akaenda kutafuta buti zake.

Mashine ya hospitali ilikuwa duara kubwa lenye tundu katikati, mfano wa yale maandazi ya mviringo wanayoyala kwa shira. Muuguzi mmoja akambandika nyaya tatu kifuani.

"Hakuna sindano, hakuna dawa. Vuta pumzi, babu, uibane."

"Babu nani?"

"Haya, kijana, ibane!"

Akaibana. Kitanda kikateleza ndani ya duara, na ukimya ukamwingia masikioni. Akasikia maji yakitona ndooni, tone moja moja, kama asubuhi msituni. Kisha mvuke ukatanda, mweupe, wenye harufu ya sukari, na ndani yake akamwona baba yake amempa mgongo, anachochea moto. Alitaka sana kumwita. Alitamani ageuke japo kidogo.

"Pumua," ikasema sauti, na baba yake akayeyuka.

Siku tatu baadaye daktari akampigia simu. Alama zake zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Sifuri ndiyo njema, na zikivuka mia nne ni nyingi mno. Ilikuwa chokaa, daktari alisema, imeganda kwenye kuta za mishipa inayolisha moyo.

Chokaa Wendell aliijua. Maji ya mepo yakichemka huacha ukoko mweupe kwenye sinia kubwa la kuchemshia, na yeye ameusugua maisha yake yote.

"Sisi tunaumwagia siki," akasema. "Unatoka."

Daktari akacheka taratibu. "Huu hautoki, Wendell. Tunachotaka ni mishipa isizibe. Utameza kidonge kila siku, na wiki ijayo tutakupima ukiwa unatembea kwa kasi. Kabla ya hapo usibebe magogo."

Corinne alipouliza, Wendell alijibu, "Safi." Aliogopa kufa, ndiyo, lakini aliogopa zaidi kunyang'anywa moto wake. Mtu mzima, mwongo kama mtoto aliyelamba sukari.

Kesho yake maji yakaanza kutiririka mitini. Wendell akawasha jiko, na mchana ule kibanda kikajaa mvuke hadi paa likapotea. Akachukua penseli akaenda ukutani, maana ndivyo wafanyavyo wachemshaji wa kule: siku ya kwanza huandikwa kwenye mbao za ukuta, na hali ya hewa, na lolote lililotokea. Ukoo wa Prentiss ulikuwa na sharti moja, kwamba ukuta haudanganywi. Hata mwaka walipounguza sinia, waliandika.

Mstari wa mwisho wa baba yake ulikuwa usawa wa macho; yake mwenyewe Wendell aliiandika pembeni miaka yote. *Machi 19. Maji yanakimbia vizuri. Kifua kizito kidogo.* Hakuna aliyeusoma hadi walipokwisha kumzika.

Mvuke ukampapasa Wendell uso. Kisha akaandika chini yake: *Machi 6. Jua. Moyo wangu una chokaa, 412. Naogopa.* Akatoka kuchukua gogo.

Aliporudi, Corinne alikuwa mbele ya ukuta, kiganja kimefunika maneno yale.

"Safi, eh?" Akampokonya gogo. "Kaa."

"Corinne..."

"Kaa pale kwenye kiti, Baba! Sinia likitaka kufurika, niambie. Mdomo unao, ila huutumii tu."

Akakaa. Kwa mara ya kwanza aliutazama moto wake ukichochewa na mtu mwingine, na machozi yakamtoka. Corinne akamletea bakuli la theluji lililomwagiwa shira ya moto, na kipande cha tango la siki, kama desturi ya kule, kitamu kwa kichachu.

"Unaweka kuni nyingi mno kushoto," Wendell akasema huku anatafuna.

"Haya, mzee wa kulalamika."

Mwanga wa dirishani ulipoanza kuinama, Corinne akatazama saa yake, akaokota penseli, akaongeza mstari mmoja chini ya ile miwili.

*Saa kumi imepita. Baba yupo.*